Utelezi wa mvua: Kinachomwangusha dereva wa bodaboda Musoma, Bunda na Butiama

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MVUA inaponyesha mkoani Mara, mkulima wa Butiama hushukuru, mfugaji wa Bunda hushukuru, naye dereva wa bodaboda huanza kuhesabu njia ambazo hazipitiki. Hesabu ya tajiri, hata hivyo, haisubiri barabara ikauke. Jioni inapofika, mwenye pikipiki anataka fedha yake ile ile aliyoizoea wakati wa kiangazi.

Ukitoka nje ya lami, iwe upande wa Majita, upande wa Nyamuswa au katika vijiji vilivyo nyuma ya Kiabakari, pikipiki ndiyo daladala, ndiyo lori la mahindi, na mara nyingi ndiyo gari la wagonjwa. Isipokwenda, mgonjwa hulala nyumbani. Ikienda ikateleza njiani, wagonjwa huwa watatu, kwa kuwa dereva na ndugu aliyemshikilia mgonjwa nao huanguka.

Makala haya yanaeleza kwa nini pikipiki huteleza, na nini dereva na abiria wake wanaweza kufanya ili wafike. Hayakuandikwa kwa ajili ya dereva peke yake. Msomaji wa mjini anayepanda bodaboda kutoka stendi ya Bweri kwenda Nyasho naye ana sehemu yake, maana namna anavyokaa nyuma inaweza kumwangusha aliyekaa mbele.

Usafiri huu kabla haujawa wa pikipiki ulikuwa wa baiskeli. Katika miji mingi ya Kanda ya Ziwa abiria walibebwa kwenye kiti kilichofungwa nyuma ya baiskeli, na jina lenyewe la bodaboda lilitoka mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Pikipiki zilipofurika nchini, Serikali ilitunga kanuni za leseni za usafirishaji wa pikipiki na bajaji mwaka 2010. Kazi ya kuzisimamia leo iko chini ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Kilichobadilika zaidi, kwa mtazamo wa mwandishi, ni mwendo. Baiskeli ikiteleza, abiria alishuka akacheka. Pikipiki ikiteleza, hakuna anayecheka.

Mvua ya saa tisa mchana

Mkoa wa Mara una misimu miwili ya mvua: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kabla ya kila msimu, na Mara hutajwa pamoja na mikoa mingine inayopata mvua mara mbili kwa mwaka. Kuna miaka ambayo mvua huvuka mipaka yake, kama ilivyokuwa vuli ya 2019 na msimu wa El Nino wa mwaka 2023.

Lakini dereva anahitaji kujua zaidi saa kuliko mwezi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea bara. Upande huu wa mashariki upepo huo hukutana na upepo mwingine unaotoka mashariki, hewa hupanda juu, na mawingu mazito hujengeka alasiri. Usiku mambo hugeuka, na ngurumo huhamia ziwani. Ndiyo maana asubuhi ya Musoma inaweza kuwa ya jua kali, na kufikia saa tisa au saa kumi mchana Bunda ikawa gizani kwa wingu.

Kwa anayepanga safari ya kijijini, maana yake ni rahisi: toka asubuhi, urudi kabla ya alasiri. Anayetoka mjini saa nane mchana kwenda kijiji cha mbali anajipangia kurudi kwenye tope, na pengine kwenye giza.

Udongo si wa aina moja

Madereva wazoefu hawazungumzii "barabara ya vumbi" kana kwamba zote ni sawa. Kuna kichanga, kilichotokana na mawe makubwa ya matale yanayoonekana Musoma na pembezoni mwa Bunda. Kichanga hunywa maji upesi na mara nyingi hupitika vizuri baada ya mvua kuliko wakati wa ukame, isipokuwa pale mkondo wa maji ulipokirundika kikawa tifutifu. Kuna changarawe nyekundu iliyoshindiliwa, ambayo juu hulainika kama sabuni lakini chini yake ni ngumu. Tairi lenye meno hukata ule ulaini na kushika.

Kisha kuna udongo mweusi wa mbuga, na huu ndio adui. Umeenea katika mabonde na tambarare zinazoelekea Serengeti. Ni mfinyanzi unaovimba unapolowa na kupasuka nyufa unapokauka, nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaweza kuzama. Matone ya kwanza huufanya uteleze, na mvua ikiendelea hugeuka kuwa gundi. Hushika tairi, hujaza nafasi iliyopo kati ya tairi la mbele na madigadi, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Dereva asiyejua hudhani injini imeishiwa nguvu, akapiga resi zaidi, kumbe tairi la mbele limefungwa na tope na pikipiki inaburuzwa. Kinachofuata ni kulala chini.

Kwa sababu hiyo baadhi ya madereva huinua madigadi ya mbele au huiondoa kabisa wakati wa masika, na hubeba kijiti cha kukwangulia tope. Kuinua ni jambo la busara. Kuiondoa kabisa kuna gharama yake, kwa kuwa tope hurushwa usoni, na dereva asiyeona mbele hana tofauti na aliyefungwa macho.

Wapo pia wanaozungusha mnyororo kwenye tairi la nyuma ili ung'ate tope, mbinu inayoonekana sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kongo. Husaidia kwenye tope zito. Ukifika kwenye lami unapaswa kufunguliwa papo hapo, kwa sababu huko hupunguza mshiko badala ya kuuongeza, na ukikatika hujizungusha kwenye gurudumu.

Tusisahau kwamba wenzetu wa nchi za baridi wana utelezi wao wa theluji na barafu. Ujerumani tangu mwaka 1997 ina namba za usajili za msimu, ambazo humwezesha mwenye pikipiki kuisajili kwa miezi ya joto tu na kulipia kodi na bima kwa miezi hiyo peke yake. Miezi ya baridi pikipiki hulala ghalani. Dereva wa Bunda hana nafasi ya kulaza chombo miezi mitatu. Analazimika kujifunza kuutembea utelezi.

Lami nayo ina hila zake

Anayedhani kwamba akifika kwenye barabara kuu ya Mwanza-Musoma-Sirari amepona, amekosea. Lami huteleza zaidi katika dakika za mwanzo za mvua, kabla haijaoshwa. Mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye malori, vumbi na unga wa matairi huchanganyika na maji kidogo na kuwa utando mwembamba. Mvua ikishapiga sana, utando huo huondoka na mshiko hurejea kwa kiasi fulani. Kwa hiyo manyunyu yanapoanza ndipo mwendo hupunguzwa, ingawa wengi hufanya kinyume, huongeza kasi ili wawahi kujikinga.

Michoro myeupe ya vivuko vya waenda kwa miguu, vifuniko vya chuma na mabati ya madaraja huteleza kuliko lami yenyewe. Hatari nyingine iko pale barabara ya udongo inapoungana na lami, mfano wa makutano mengi kati ya Bunda na Makutano ya Juu. Pikipiki, mikokoteni na magari hutoka na tope kwenye matairi na kulimwaga juu ya lami, na mvua husomba mchanga ukatanda kwenye kona. Dereva anayekuja kwa kasi kutoka upande mwingine huukuta akiwa tayari ameinamisha chombo.

Hesabu ambayo kila dereva anapaswa kuijua

Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi. Katika mwendo huo pikipiki husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akihitaji sekunde moja tu kuona hatari na kukanyaga breki, tayari amekwishakwenda mita 14 kabla breki haijaanza kazi.

Kwenye lami kavu, breki nzuri zitamsimamisha baada ya mita nyingine 14 hivi. Kwenye lami iliyolowa atahitaji mita zipatazo 25. Kwenye tope linaloteleza, ambako mshiko unaweza kushuka hadi chini ya theluthi moja ya ule wa lami kavu, atahitaji karibu mita 50, nazo ni kama atafanikiwa kubaki wima. Ukijumlisha na zile za kufikiri, ni zaidi ya mita 60, zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira.

Sasa punguza mwendo hadi kilomita 25 kwa saa kwenye tope hilo hilo. Umbali wa breki hushuka hadi mita 12 hivi, kwa kuwa mwendo ukigawanywa kwa mbili, umbali wa kusimama hugawanywa kwa nne. Hakuna tairi la dukani, la bei yoyote, linaloweza kumpa dereva faida kubwa kiasi hicho.

Breki gani, na kwa kiasi gani

Suala la breki ndilo lenye ubishi mkubwa vijiweni. Wengi hufundishwa na wenzao kwamba breki ya mkono, yaani ya mbele, ni ya hatari na isiguswe. Kwenye lami ushauri huo si sahihi. Pikipiki inapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, hivyo tairi la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa zaidi wa kusimamisha, hata barabara ikiwa imelowa. Asiyeitumia kabisa hujinyima zaidi ya nusu ya breki zake. Kinachoangusha ni kuikamata kwa ghafla. Inapaswa kubanwa polepole, kana kwamba mtu anakamua chungwa, pamoja na breki ya mguu, huku chombo kikiwa kimenyooka wima.

Kwenye tope mambo ni tofauti, na hapo wazee wa kijiwe wana haki. Tairi la mbele likijifunga kwenye mfinyanzi, usukani hukosa kazi na anguko huja kabla dereva hajapata wazo la pili. Tairi la nyuma likiteleza huyumba kama mkia, na mara nyingi dereva anaweza kulirudisha kwa kuachia breki. Basi kwenye tope injini ifanye kazi kubwa ya kupunguza mwendo: teremka gia mapema, achia resi taratibu, gusa breki ya mguu kwa mbali, na ya mkono iache.

Kuna kosa moja linalofanywa kwenye miteremko, nalo ni kuvuta klachi au kuzima injini ili kubana mafuta. Pikipiki iliyoachwa huru kwenye mteremko wenye tope haina kitu cha kuishika zaidi ya breki, na breki ndiyo hasa isiyotakiwa kutumika kwa nguvu hapo. Teremka ukiwa kwenye gia ya kwanza au ya pili, klachi ikiwa imeachiwa, na kama kilima ni kali, abiria ashuke atembee. Hatapungukiwa kitu ila viatu kuchafuka.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuangushwa kwa kosa la namna hiyo akiwa abiria, miaka kadhaa iliyopita, kwenye njia ya udongo katika vijiji vya Bunda. Hatukuwa tukikimbia. Dereva alivuta klachi, akagusa breki ya mkono, na sote wawili tukawa chini kabla sijamaliza sentensi niliyokuwa nikiizungumza. Niliumia goti. Yeye alichubuka mkono, lakini alichokisikitikia zaidi ni taa iliyovunjika, maana ilikuwa ya tajiri.

Mwili na macho

Kwenye utelezi dereva hutazama mbali, pale anapotaka kwenda. Anayelikodolea macho dimbwi huishia ndani yake. Mikono ishike usukani bila kuukakamaza, kwa kuwa tairi la mbele huyumba kidogo kwenye tope na linahitaji nafasi ya kujirekebisha. Magoti yabane tangi. Resi iwe ndogo na ya kudumu, kwa sababu kuiachia ghafla au kuivuta ghafla ni sawa na kupiga breki.

Palipo na mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya malori, chagua mmoja ubaki nao. Kuhama kutoka mfereji mmoja kwenda mwingine kwa pembe ndogo hulifanya tairi litambae kwenye ukingo na kuteleza. Miguu ining'inie karibu na ardhi tu kama mwendo ni wa kutembea, vinginevyo kifundo cha mguu kinaweza kuvunjika kwa kugonga jiwe.

Upepo wa pepo za ziwa unaotangulia mvua nao usidharauliwe. Mwavuli, uwe umefungwa kwenye pikipiki au umeshikwa na abiria, hugeuka tanga la mtumbwi. Na ngurumo zikiwa karibu, mti uliosimama peke yake mbugani si mahali pa kujikinga. Nyumba, au hata ndani ya gari, ni salama zaidi.

Maji yanayokatiza njia

Mito ya Rubana na Grumeti hutiririka kutoka Serengeti kuelekea Ghuba ya Speke, na vijito vingi visivyo na maji wakati wa kiangazi hufurika ghafla mvua ikinyesha mbali, hata kama ulipo ni pakavu. Kina cha sentimita 15 cha maji yanayokwenda kasi kinatosha kumwangusha mtu mzima aliyesimama. Pikipiki huwa na hali mbaya zaidi, kwa vile magurudumu yake huyazuia maji yanayokuja kwa ubavuni. Isitoshe, chini ya maji ya rangi ya chai ya maziwa hakuna ajuaye kama daraja dogo bado lipo.

Ushauri ni mmoja: usivuke maji yanayokimbia. Subiri. Mvua kubwa za alasiri kwa kawaida hazidumu sana, na vijito vidogo hupungua baada ya kukatika kwake. Ukivuka maji tulivu na ya kina kifupi, kumbuka kwamba breki za kikombe, ambazo pikipiki nyingi za biashara huzitumia, hupoteza nguvu zikiingia maji. Endesha mita kadhaa huku umezigusa kidogo ili zikauke kwa joto, ndipo uongeze mwendo.

Abiria na mishikaki

Kupakia abiria wawili au watatu, mtindo maarufu kwa jina la mishikaki, ni kosa wakati wowote. Wakati wa tope ni kosa linalojiadhibu lenyewe. Uzito ukirundikana nyuma, tairi la mbele hubaki jepesi na usukani huelea. Gunia la mahindi lililofungwa juu sana hufanya hivyo hivyo.

Abiria akae kwa kutanua miguu, si upande, amsogelee dereva, na amshike kiunoni au ashike chuma cha nyuma. Pikipiki ikiinama, ainame nayo. Anayejivuta upande wa pili kwa hofu ndiye huvuruga mizani. Naye ana haki ya kukataa. Tairi likiwa kipara, au dereva akiwa na kofia moja tu aliyoitundika kwenye usukani, tafuta mwingine.

Kofia ngumu inatakiwa kwa wote wawili. Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo hupatikana ikiwa imefungwa kidevuni. Kofia isiyofungwa hutangulia kuanguka, na kichwa hufuata.

Hesabu ya tajiri

Kuna jambo ambalo mafunzo ya usalama hayaligusi mara nyingi. Dereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wako kwenye hesabu ya kila siku, au kwenye mkataba wa kulipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chao. Mvua hupunguza safari, lakini kiwango hakipungui, kwa hiyo saa mbili zilizopotea chini ya baraza hutafutwa baadaye kwa mwendo mkali kwenye lami iliyolowa. Matajiri wanaokubaliana na vijana wao kiwango cha masika na kiwango cha kiangazi wapo, nao hutengeneza taa na usukani mara chache zaidi. Makubaliano hayo yaandikwe mwanzoni, kabla mvua haijaanza, maana siku ya tope hakuna anayekubali kupunguza.

Barabara zenyewe pia zina wenyewe. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na zile za wilaya, mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Kalavati likizolewa, taarifa ipelekwe kwa ofisi inayohusika kupitia mtendaji wa kijiji au kata. Kupaweka matawi ya miti ili kumwonya anayekuja ni kazi ya aliyefika wa kwanza.

Kuhusu mama mjamzito anayeshikwa na uchungu usiku wa mvua, bodaboda iwe njia ya mwisho. Tanzania ina mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaowahudumia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Hupigwa simu namba 115 bila malipo, na mhudumu hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa aliye karibu. Kwa walio mbali na lami, simu hiyo ipigwe mapema, dalili za kwanza zinapoonekana, kwa sababu gari nalo litachelewa kwenye tope lile lile.